Kitanda cha Kumi na Nne

Jumatatu saa nne asubuhi Bonareri aliketi kwenye meza ya wauguzi, akamalizia chai iliyopoa, kisha akasoma kishikwambi. Kitanda cha kumi na nne: mapigo ya moyo sabini na sita, joto la mwili sawa. Akayaandika kwenye faili. Kitanda chenyewe kilikuwa kitupu, shuka limetandikwa, kwa kuwa mwenyewe, Nyakerario, mchuma chai wa Nyacheki, alikuwa amezikwa Ijumaa.

Walimzika kwa haraka. Ni Wasabato, na hakuna aliyetaka jua la Ijumaa litue kabla hawajamaliza. Katika pilikapilika hizo hakuna aliyekumbuka kumbandua kifuani kile kibandiko kinachowapelekea wauguzi mapigo ya moyo bila waya. Akashuka nacho kaburini, upande wa kushoto wa nyumba yake. Mtandao wa Nyacheki, tuseme ukweli, ni mzuri kuliko wa wodini.

Vibandiko vililetwa mwezi wa tatu, kwa keki na hotuba. Wiki iliyofuata Linda, muuguzi wa pili, alihamishiwa ofisi ya takwimu, maana sasa waliofanyiwa upasuaji walikuwa na mtambo wa kuwaangalia. Na kuangalia unaangalia, ila hauna mikono. Bonareri akabaki na wagonjwa thelathini na mmoja.

Jumanne aliyofariki Nyakerario, kengele ya kitanda chake ililia kuanzia saa tisa mchana kwa dakika arobaini. Bonareri alikuwa mwisho wa wodi, viganja vyote viwili vimeziba mshono wa mzee Angwenyi uliofumuka. Angeuachia, mzee angekwisha. Aliita mpaka sauti ikamkauka, hakuja mtu. Kinachomla hadi leo ni kwamba alisikia tangu mlio wa kwanza.

Jumatatu hiyo, saa tisa, kitanda kitupu kililia tena. Simu nayo ikaita. Alikuwa Abner, mume wa marehemu.

"Sista, mama watoto anaita huku kwa kaburi. Tumemwambia angoje, anakataa. Anataka nyinyi."

"Pole sana, baba. Niko peke yangu."

"Hata hiyo siku ulikuwa peke yako," Abner alisema bila hasira. Bonareri alitamani angemtukana.

Jumapili, siku yake ya mapumziko, Bonareri alienda kaburini. Alipiga magoti, akaweka kiganja juu ya udongo, akasema, "Nimefika, mama." Simu yake, iliyounganishwa na mtambo na iliyokuwa ikilia tangu saa tisa, ikanyamaza. Mapigo yakashuka kutoka mia moja na arobaini hadi sabini na sita. Abner akamletea chai na ndizi za kuchemsha, akamuuliza kama atakuja kesho.

Bonareri alirudi akamwandikia metroni, Bi. Roselyne: kitanda cha kumi na nne kinalia kila siku saa tisa bila mtu wa kukihudumia, kwa sababu wodi ina muuguzi mmoja. Nirudishieni Linda. Usiku huo alipata usingizi.

Jibu lilikuja baada ya siku mbili, lina muhuri. Metroni alikuwa amekagua rekodi. Mfumo ulionyesha kwamba mgonjwa yu hai na hutulia mara tu anapopata mtu. Mgonjwa wa namna hiyo haachwi. Linda amerudishwa. Atahudumia kitanda cha kumi na nne, mahali alipo mgonjwa.

Linda hakubishana. Kila siku baada ya chakula cha mchana hupanda bodaboda hadi Nyacheki na mashine ya kupima presha, na ikifika saa tisa huweka mkono juu ya udongo. Abner humshukuru. Takwimu za wodi zimepanda, na ofisi imezibandika ukutani.

Alhamisi iliyopita, saa tisa na dakika tano, kitanda cha kumi na nne kilikuwa kimetulia. Bonareri alikuwa karibu na dirisha, ameukandamiza kwa mikono yote miwili mguu wa mgonjwa Ochoki uliokuwa ukivuja damu. Ng'ambo ya wodi kitanda cha ishirini na mbili kikaanza kulia. Hapo alilala Drusilla, mwalimu wa Kenyenya, aliyetolewa uvimbe tumboni juzi yake.

Bonareri alisikia tangu mlio wa kwanza. Akaanza kuita.