Eriali ya Bangili Kumi na Nne

Mwanne binti Mkwinda alikuwa na mtoto mmoja tu, na mwezi wa tatu sasa watu wa Nambambo walikuwa hawajakubaliana kama mtoto huyo yu hai.

Utingo wa lori la Ruangwa ndiye aliyeleta habari kwamba Seleman amekufa kwa homa Dar es Salaam. Aliisema akiwa na muhogo mdomoni, akadandia lori lake, akaenda zake. Ndugu wakakusanyika kutaka kuweka matanga. Mwanne akawauliza: nani kamwona, nani kamwosha, nani kamzika? Kila mmoja alikuwa amesikia kwa utingo tu. Akawapikia uji, wakanywa, akawarudisha makwao.

Baadaye ikaja barua. “Mama, mimi mzima. Jumamosi ya mwisho ya mwezi, saa kumi na mbili jioni, bendi yetu itapiga redioni, na mimi nitasema maneno mawili. Tafuta redio.”

“Seleman hajui kuandika,” alisema Shaibu, kaka yake Mwanne.

“Kaandikiwa na mtu.”

“Au mtu kaandika tu ili akufurahishe. Barua haina uso, dada yangu.”

Shaibu hakuwa mtu mbaya. Alimpenda mpwa wake, na kwa kumpenda aliona vibaya marehemu akae bila dua. Basi wakaafikiana. Jumamosi ikipita bila sauti ya Seleman, Jumapili mikeka itatandikwa, na Mwanne hatabisha tena.

Redio ilikuwepo, tena ya Shaibu mwenyewe. Aliinunua kwa Mzungu mmoja wa mashamba ya karanga, mwaka ule Wazungu walipogundua kwamba karanga haziwataki, wakafunga virago. Tangu hapo ilikaa mezani chini ya kitambaa cha kudarizi, na kila ilipotiwa betri ilitoa sauti moja tu, kama ufuta unaokaangwa. Shaibu alidhani ndiyo kazi yake.

“Hii haina masikio,” alisema Dominiko alipoitwa kuitazama. Dominiko alikuwa Mngoni wa Songea. Alikuja kwa kazi ya karanga, akamshikia ngazi fundi wa umeme miaka mitatu, na karanga zilipokwisha akaoa hapahapa. “Inataka eriali. Waya wa shaba, hatua thelathini, uning'inie juu kati ya miti miwili.”

“Na waya tutaupata wapi?” Mwanne aliuliza.

Dominiko akamtazama mikono. Waya wa Wazungu ulikwisha siku nyingi. Waliuacha porini, wahunzi wakauokota na kuufanya bangili, kila bangili mizunguko kumi, na sasa wote ulikuwa mikononi mwa wanawake wa Nambambo.

“Mtani,” Mwanne alisema taratibu, “babu zako walikuja huku kuiba watu. Wewe umekuja kuiba bangili.”

“Babu zangu walifika mpaka kwenu, wakasikia mnavyopiga kelele, wakageuza. Mimi ndiye mjinga niliyebaki. Vua.”

Mwanne akatoa zake mbili. Rafiki yake Sabaha akaahidi tatu, ila alitaka kujua atamwambia nini mumewe.

“Mwambie zimekwenda Dar es Salaam,” alisema Dominiko.

“Ataniuliza zimekwenda na nani.”

Hadi Ijumaa zilipatikana kumi na nne. Lakini mwanamke wa huku hatoi bangili mbele za watu ikiwa imefifia. Kila mmoja alikwenda nazo kwanza nyumbani, akazipaka mafuta ya ufuta kama siku ya kumtoa mwari, juu ya mafuta ya miaka yote iliyopita, hata zikang'aa kama zimetoka kwa mhunzi asubuhi ile. Tena hizi zitakaa juu, zionwe na kila apitaye kwenda Nachingwea. Nani anataka aibu yake ining'inie kwenye mianzi? Dominiko alizisifu. Akazikunjua, akazinyoosha kwa mchi juu ya gogo, akazisokota ncha kwa ncha. Huku na huku akafunga shingo za chupa ili waya usiguse mti, akaupandisha kwa mianzi kutoka paa la Shaibu hadi kwenye msufi, ncha moja ikashuka mpaka redioni. Watu walitoka kuutazama, na kila mwanamke aliijua bangili yake ilipo.

Jumamosi saa tisa Shaibu akawasha redio. Ufuta ukakaangwa.

Dominiko akamwaga maji penye waya mfupi uliotoka redioni kuingia ardhini. Ufuta. Akahamisha mwanzi. Ufuta. Hapo akanyamaza, na Mwanne akaogopa, maana Dominiko hakuwahi kunyamaza hata kanisani. Kutoka uani akamsikia kaka yake akimwuliza jirani kwa sauti ya chini ana mikeka mingapi.

“Ushushe,” Mwanne akasema.

Waya ukashuka. Akaupitisha vidoleni, kipande kwa kipande, na kwenye kila kiungo vidole viliteleza.

“Huyo fundi wako, kabla ya kusokota waya, alikuwa anafanya nini?”

“Anavuta kiko.”

“Na mikono?”

Dominiko akafikiri. “Anakwangua ncha kwa kisu. Kila mara. Nilidhani ni mtu tu wa kupenda kukwangua.” Akasimama hivyo, mdomo wazi, akiyatazama yale mafuta. “Mtani, shaba haigusani na shaba. Tumesokota mafuta kwa mafuta.”

Sabaha alikaa chini kabisa. “Mimi nilipaka mara mbili,” alisema.

Viungo vilikuwa kumi na vitatu. Vikafunguliwa vyote, wakaviingia kwa visu na mchanga, wanawake wenyewe, wakiharibu kwa mikono yao mng'ao walioufanyia kazi. Mwanne alikwangua zake mpaka shaba ikawa nyekundu kama kidonda. Jua lilikuwa limekwisha shuka nyuma ya msufi Dominiko alipousokota waya upya na kuupandisha. Hakuna aliyeusifu sasa.

Shaibu akazungusha kifundo cha redio. Ufuta, kisha katikati ya ufuta mtu akataja saa. Akafuata mpiga tarumbeta, karibu sana, kana kwamba amekaa jikoni. Ukumbi wa Shaibu ukajaa muziki. Wimbo wa kwanza, wa pili. Kisha sauti nene, nzito, iliyoziba:

“Naitwa Seleman, kwetu Nambambo, Nachingwea. Namsalimu baba yangu Mwanne. Namsalimu mjomba Shaibu na wote. Mimi mzima.” Akavuta pumzi kwa kelele. “Baba, nakula vizuri.”

Tarumbeta ikarudi. Shaibu alikuwa amekunja uso.

“Hiyo si sauti yake,” alisema polepole. “Seleman ana sauti nyembamba.”

“Ana mafua,” alisema Mwanne. Machozi yalikuwa yakimtiririka, na hakujisumbua kuyafuta. “Anasema ‘baba’ pale penye ‘mama’. Tangu anatambaa, mafua yakimshika hunigeuza mwanamume. Nimemfuta pua ile miaka saba, kaka. Na maiti hashikwi na mafua.”

Shaibu akavua kofia yake, akajifunika uso nayo. Jirani wa mikeka akatoka kimya kimya.

“Dominiko,” Mwanne akaita. “Huu waya nikiusemesha, utafika?”

“Huu unasikia tu, mtani. Kusema hauwezi.”

“Kumbe umetengeneza mwanamume: anasikia, hajibu. Basi chukua karatasi, uniandikie barua.”

Dominiko akatafuta penseli, akailamba ncha. “Nianze na salamu?”

“Mwambie nimemsikia. Mwambie achemshe maji ya tangawizi, afunike kichwa kwa shuka, avute mvuke. Asiende kupiga ngoma na baridi hiyo kifuani.” Akamsubiri afikie. “Na kwamba amenidanganya. Mtu anayekula vizuri haongei hivyo.”