Breki Isiyokuwepo

Tangu walipotoka mjini, mguu wa kulia wa Mwalimu ulikuwa ukikanyaga breki ambayo haikuwepo. Gari likikaribia kona, mguu unakanyaga. Pikipiki ikichomoza, mguu unakanyaga. Kizulia cha miguuni kilikuwa kimejikunja chote, na bado hawajafika hata nusu ya safari.

"Mwalimu," Sista alisema bila kuondoa macho barabarani, "hicho kizulia kimekukosea nini?"

Waliokaa nyuma wakaangua kicheko. Mwalimu naye akacheka, maana afanyeje? Akauvuta mguu, akaukunja chini ya kiti, akauzuia kwa mguu wa pili. Kona iliyofuata ukachomoka.

Huyu Mwalimu hakuwa mwalimu wa chaki na ubao. Alifundisha udereva, na gari la shule yao lilikuwa na breki mbili, moja ya mwanafunzi na moja ya mwalimu. Kwa miaka mingi mguu wake ulikuwa umeokoa watu, kuku na nguzo za umeme. Mpaka siku ile mwanafunzi mmoja, karani mpole asiyeweza kuua nzi, alipokanyaga mafuta akidhani ni breki. Mguu wa Mwalimu ukachelewa kidogo tu. Gari likaingia kwenye kibanda cha viatu, muuzaji akaruka pembeni, viatu vikatawanyika mpaka ng'ambo ya barabara. Hakuna aliyeumia hata ukucha. Lakini tangu hapo, Mwalimu akikaa mbele ya usukani, mguu ulitetemeka wenyewe na jasho jembamba likamtoka.

Shuleni alisema ni mgongo. Mkuu wa shule alimvumilia, akamvumilia, mwisho akamwambia waziwazi kwamba Jumatatu anataka jibu: arudi garini, au ahamie mapokezi akapokee simu. Simu! Mwanamke aliyewafundisha nusu ya madereva wa mji ule, akae kwenye kiti cha kuzunguka na kusema "nikusaidie tafadhali". Hilo lilimuuma. Usukani ulimtisha zaidi.

Ukweli wote alikuwa amemwambia Sista peke yake, akilia, na Sista akaapa hatamwambia mtu. Ila kwa Sista, "mtu" ni yeyote ambaye hakulala bweni moja nao. Na wanne hao walilala bweni moja tangu wakiwa wasichana wenye magoti ya vumbi, kabla ya waume, watoto na mvi. Kila mwaka walitoroka nyumbani kwa siku mbili, wakaziacha familia zao zijipikie zikipenda.

Sista alikuwa muuguzi. Gari lilikuwa lake, na nyumba waliyokuwa wakienda, juu mlimani, ilikuwa ya shemeji yake. Fundi alikuwa na cherehani yake, na safari hii alikuwa amewashonea wote makoti ya kitambaa kimoja cha kijani, ili baridi ya mlimani isimpendelee yeyote. Aliwahi kujifunza udereva kwa Mwalimu: siku ya kwanza aligonga geti la shule akitoka, akaligonga tena akirudi, kisha akaurudia uzi wake kwa amani kabisa. Wa nne alikuwa Mkutubi, mtunza vitabu wa maktaba ya chuo, dereva mzuri wa polepole, ambaye bila miwani hawezi kutofautisha mlango na kabati.

Jumamosi ilikuwa tamu. Walilala mpaka jua likachoka kuwangoja, wakanywa chai barazani, wakacheza karata. Fundi aliiba karata mchana kweupe na kuapa kwa jina la mama mkwe wake. Mkutubi aliunguza mayai kwa sababu alikuwa akisoma maelezo ya nyuma ya pakiti ya chumvi. Walicheka mpaka mbavu zikauma, na kwa muda Mwalimu akasahau kwamba kuna kitu kinaitwa Jumatatu.

Alasiri alizunguka nyuma ya nyumba kuanua nguo. Dirisha la jikoni lilikuwa wazi.

"Sasa nianguke vipi?" ilikuwa sauti ya Sista.

"Anguka kwa heshima zako," Fundi akasema. "Ngazi ya mwisho pale barazani, kesho tukishafunga mizigo. Ushike mguu, upige yowe."

Sista akajaribu yowe la chinichini.

"Hilo ni la mtu aliyeona mende. Jitahidi!"

"Na mimi nitaficha miwani yangu," Mkutubi akasema. "Nitasema imepotea. Sista hawezi kuendesha, mimi sioni, anabaki nani?"

"Anabaki Fundi," Sista akasema.

Wote watatu wakacheka mpaka kitu cha bati kikaanguka sakafuni.

"Akishaushika usukani mara moja tu," Mkutubi akaendelea, sasa bila kicheko, "atakumbuka yeye ni nani. Siwezi kumwona anapokea simu, jamani. Siwezi."

Mwalimu alisimama pale na shuka mkononi. Kwanza alipandwa na hasira: kumbe siri yake imekuwa kitoweo cha jikoni! Halafu likamjia lile yowe la mende, akaziba mdomo kwa shuka asije akacheka kwa sauti. Chini ya hasira na kicheko kulikuwa na aibu, na aibu ndiyo iliyokaa. Akakata shauri palepale. Hatanaswa. Sista aanguke akichoka ainuke, Mkutubi apapase kuta mpaka Krismasi, yeye usukani hagusi.

Usiku kulinyesha. Asubuhi ya Jumapili, ngazi za barazani ziling'aa kwa maji. Makoti manne ya kijani yalining'inia kwenye misumari ya ukutani karibu na mlango, na Mwalimu alikuwa amesimama hapo na kikombe chake, akimtazama Sista akitoka na beseni la vyombo kwenda kwenye bomba la uani. Mizigo ilikuwa haijafungwa. Chai ilikuwa haijaisha. Sista akakanyaga ngazi ya juu kabisa, mguu ukateleza, na beseni likamtangulia.

Vyombo vilipiga kelele. Sista hakupiga.

Fundi alitoka mbio, akaona, akapiga makofi. "Mbona mapema hivyo!" Kisha akajikumbuka. "Yaani... pole! Pole sana, Sista!"

Mkutubi alikuja akishika ukuta, macho ameyafinya. "Ameshaanguka? Mbona sikusikia yowe?"

Mwalimu alikunywa chai yake. "Inuka, Sista," akasema. "Utachafua gauni."

Ila jicho la Mwalimu lilikuwa limezoea kusoma watu. Anayejifanya huchungulia aone kama anatazamwa, na Sista hakuchungulia. Alikuwa ameushika mguu kwa mikono miwili juu ya kifundo, midomo imepauka, jasho kwenye paji la uso katika baridi ile. Alipozungumza, alizungumza kwa sauti anayoitumia wodini.

"Mtu asiniguse huu mguu."

"Jamani, huyu angecheza filamu," Fundi akasema, akitikisa kichwa kwa kuvutiwa.

Mwalimu akaweka kikombe chini. "Fundi, nyamaza. Ameumia kweli."

Kifundo kilikuwa kimeanza kuvimba, kikafura wakikitazama. Fundi aliona, makofi yakamwishia mikononi. Akaanza kulia na kuomba msamaha kwa pamoja, na kati ya hayo mawili hakuna lililomsaidia mgonjwa.

"Mkutubi," Mwalimu akasema, "vaa miwani yako, tumpeleke zahanati. Ile tuliyoipita tukipanda."

Mkutubi hakusogea.

"Vaa miwani, nimesema."

"Nimeificha."

"Najua umeificha! Kailete!"

Mkutubi alishtuka kidogo kwa lile "najua", lakini haukuwa wakati wa kuulizana. "Niliitia kwenye mfuko wa koti langu," akasema. "Nimelipapasa sasa hivi wakati mnapiga kelele. Haimo. Na bila miwani nitaitafutaje miwani?"

Hapo ndipo njama nzima ilipowageukia. Walitaka asibaki dereva mwingine, na kweli hakubaki. Simu za mlimani zilikuwa hazishiki mtandao, jirani wa karibu alikuwa hajulikani aliko, na Sista alikuwa ameanza kutafuna mdomo wake wa chini. Mwalimu alivuta koti moja ukutani, akalivaa, akachukua ufunguo wa gari mezani. Alifanya hayo yote kabla hajafikiri. Kufikiri kulimkuta ameshaketi mbele ya usukani, Sista kalazwa nyuma na mguu mapajani mwa Fundi, Mkutubi kando yake akikumbatia mkoba usio wake.

Aliogopa, tusidanganyane. Mguu ulianza kutetemeka hata kabla hajawasha gari, na kile kishindo cha chuma na mbao za kibanda kikamrudia masikioni.

"Siwezi," alisema. Ndiyo mara ya kwanza kulitamka mbele ya wote.

"Basi usiendeshe," Sista akasema kutoka nyuma, meno kayauma. "Fundisha. Jifundishe kama unavyotufundisha sisi wajinga."

Mwalimu akashika usukani. Kisha akaanza, kwa ile sauti ya darasani inayojulikana mji mzima, kavu na isiyo na haraka.

"Kaa sawa. Mkanda. Kioo cha kati, kioo cha pembeni. Washa. Kanyaga klachi mpaka mwisho, mpaka mwisho nimesema. Gia ya kwanza. Toa breki ya mkono. Achia klachi taratibu, taratibu, hatukimbizwi na mtu."

Gari likaondoka. Mguu, ambao kwa miezi haukumsikiliza mwenyewe, ukamsikiliza mwalimu wake. Akaushusha mlima ule akiuongoza kwa maneno, kona baada ya kona. "Punguza kabla ya kona, si ndani ya kona. Vizuri. Gia ya pili. Usiutazame mtaro, utauingia." Fundi nyuma aliacha kulia ili asikie. Mkutubi naye alikuwa akikanyaga sakafu kwa nguvu zake zote.

"Wewe unakanyaga nini na huoni?" Mwalimu akamuuliza.

"Ndiyo sababu nakanyaga."

Sista akacheka, akaumia, akatukana.

Karibu na chini kabisa, kwenye mteremko wa mwisho, mbuzi akatoka kichakani na kusimama katikati ya barabara. Mwalimu hakuwa na nafasi ya kusema neno. Mguu wake ukaenda wenyewe, moja kwa moja, kwenye breki iliyokuwepo. Gari likatulia mbali na mbuzi, kiasi kwamba angeweza kulala hapo na kugeuka ubavu. Mbuzi akawatazama, akatafuna, akaenda zake.

Mwalimu akautazama mguu wake. Umetulia tuli. Haukuchelewa. Akashusha pumzi ndefu, pumzi ambayo nadhani alikuwa ameishikilia tangu siku ya viatu, na machozi yakamtoka bila ruhusa. Akayafuta kwa mkono wa koti, akaingiza gia ya kwanza. Hakusema tena maneno ya darasani. Walipofika zahanati, wala hakukumbuka kwamba aliyaacha njiani.

Haukuvunjika. Ndivyo alivyosema tabibu baada ya kuubonyeza mguu huku na huku: umeteguka tu, wafunge bendeji, apumzike. Fundi alimkumbatia tabibu wa watu. Sista, alipoona mguu si wa kukatwa, akarudi kuwa Sista: akamwelekeza muuguzi namna ya kufunga bendeji, akasema hiyo imelegea, akasema hiyo sasa imebana, mpaka muuguzi akamkabidhi ile bendeji ajifunge mwenyewe.

Walimngoja kwenye benchi la nje. Fundi hakuweza kuvumilia tena.

"Mwalimu, kuna jambo lazima tukuambie. Tulipanga..."

"Dirisha lilikuwa wazi," Mwalimu akasema.

Mkutubi akageukia upande wa sauti. "Ulisikia yote?"

"Mpaka yowe la mende."

Walicheka mpaka mlinzi akaja kuangalia kuna nini. Mwalimu alicheka kuliko wote, kicheko chepesi cha mtu aliyetua mzigo, na katika kucheka akatumbukiza mikono mifukoni mwa koti. Mfuko wa kulia ulikuwa na kitu kigumu. Akakipapasa. Vioo viwili na mikono miwili iliyokunjwa.

Akashusha macho. Makoti manne, kitambaa kimoja, misumari minne ukutani, na mtu aliyekuwa akificha kitu kwa haraka asionwe.

Mkutubi alikuwa ameketi kando yake, amelitazama bango la chanjo ukutani kwa utulivu wa mtu anayeangalia mandhari dirishani. Kazi ilikuwa ya kumpa tu. Mlima ulikuwa ukingoja tena, mizigo ilikuwa bado juu, kisha barabara yote ndefu mpaka mjini, na dereva mwingine alikuwa hapa kwenye benchi, mzima wa afya. Mwalimu angeweza kurudi kukaa kando na kukanyaga kizulia, na hakuna ambaye angemlaumu.

Aliisukuma miwani ndani zaidi ya mfuko.

Sista alitoka akirukaruka kwa mguu mmoja, amemwegemea muuguzi aliyeonekana kufurahi kumkabidhi. Wakampakia. Mwalimu akazunguka upande wa dereva, akaketi, akatengeneza kioo.

"Lakini hatukuitafuta vizuri ile miwani," Mkutubi akasema akipapasa mkanda wake. "Haya makoti yanafanana. Huenda imo kwenye koti la mmoja wenu."

"Haimo," Mwalimu akasema, na akawasha gari.