Mwalimu Kasema Maji ni Safi

Hapa mtaani kwetu Buyenzi bomba halina adabu. Linaweza kukauka wiki nzima, kisha likarudi jioni moja bila hodi, likitema maji ya rangi ya matofali, na watu wazima wenye heshima zao wakakimbilia bidoni, madumu yao ya plastiki, wakisukumana. Ofisini wanasema ni mvua, ni mabomba ya zamani, subirini kidogo. Tumesubiri hadi kusubiri kwenyewe kumetuchosha.

Saliha alikuwa amechoka kuliko wengi. Kutwa alishona nguo kwenye baraza la duka moja la vitambaa, kwenye mtaa wa maduka uitwao quartier Asiatique. Akirudi, kabla hajavua hata mtandio, anachuja maji kwa kitambaa, anawasha makaa, anabandika sufuria kubwa. Maji hayo ni ya kunywa nyumba nzima: mumewe Shakuru, watoto watatu na mama mkwe wake, Bi Kudra. Moshi ulikuwa umemkaa kifuani. Akikohoa, mama mkwe humtazama tu kutoka mkekani, na Saliha husema moyoni: kweli, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Basi mvua za Aprili zikazidi, maji yakawa mazito zaidi, na wazee msikitini wakaingiwa na wasiwasi. Wakamuuliza Mwalimu Massoudi: maji haya yanafaa kwa udhu? Mwalimu akajibu kama vitabu vinavyosema: udongo hauharibu maji, maadamu hayanuki uchafu, ni safi, tawadheni mswali. Swali lilikuwa la udhu, na jibu la udhu. Bi Kudra, upande wa wanawake, aliyasikia yote.

Akarudi nyumbani, akamkuta Saliha anapuliza makaa.

"Mukazana," akasema, maana ndivyo anavyoitwa mke wa mtoto hapa kwetu, "acha ile moto. Mwalimu amesema maji iko safi."

"Ya kunywa, mama?"

"Safi ni safi. We unajua kushinda mwalimu?"

Akachota kikombe kwenye bidoni, akanywa chote mbele yake, akafuta mdomo.

Saliha si mjinga. Alijua udhu ni udhu na tumbo ni tumbo. Lakini nani abishane na mama mkwe, tena aliyekuja na neno la msikitini? Na ukweli usemwe: alifurahi. Akayaacha makaa yazimike, akajitupa kitandani na nguo zake za kazini.

Siku zilizofuata alirudi akakuta chai tayari kwenye thermosi, watoto wameshakunywa, naye hana la kufanya ila kujinyoosha. Kila jioni Bi Kudra alikunywa kikombe chake cha maji ya bidoni mbele yake. Kikohozi kikapungua. Saliha akaanza hata kucheka, jambo ambalo Shakuru alikuwa amelisahau.

Kisha Bi Kudra akaanza kuhara. Mwanzo alificha, kama wazee wanavyoficha. Kesho yake adhuhuri macho yalikuwa yamezama na hakuweza kusimama. Shakuru akambeba mgongoni mpaka barabarani, wakamfikisha kituo cha matibabu, akatundikiwa chupa ya maji mshipani, ikiisha hiyo inawekwa nyingine. Muuguzi alisema wazi kwamba wangechelewa kidogo wangemzika.

Habari zikamfikia Mwalimu Massoudi. Akaja pale kituoni, kofia mkononi. Shakuru ni fundi wa magari na hasira zake ziko karibu, akamsimamisha mlangoni.

"Ni we ulimuambia mama maji iko safi!"

"Mi nilisema ya udhu, Shakuru. Wallahi, ya udhu."

"Sasa angalia udhu yako imemufikisha wapi!"

Mwalimu akakaa kwenye benchi. Saliha akamwonea huruma, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyejua akanyamaza, tena kwa ajili ya usingizi tu.

Muuguzi, dada aitwaye Joëlla, akaja na maswali yake.

"Ku nyumba, nani mwengine iko mugonjwa?"

"Hakuna mutu," Saliha akajibu.

"Na batoto? Wanakunywa maji gani?"

"Apana, hawakunywe maji. Bibi yao anawapatia chai. Kila siku chai tu, na Shakuru, na mi pia..."

Hapo akayasikia maneno yake mwenyewe. Ni nani aliyekuwa akichemsha chai hiyo yote? Na mtu anayeamini maji ni safi, kwa nini awazuie wajukuu wasiyaguse?

Akageuka. Bi Kudra alikuwa macho, anamtazama.

"Muache mwalimu," mama akasema, kwa sauti ya mgonjwa. "Hana kosa. Alisema udhu, na mi nilisikia muzuri. Miaka yote nafundisha wasichana udhu, nitapotea namna gani?"

Shakuru akaondoka mlangoni, akakaa kwenye benchi kando ya mwalimu.

"Sasa kwa nini, mama?" Saliha akauliza.

"Ningekuambia we pumzika, mi nichemushe maji, ungekubali?"

Saliha alijua jibu. Asingekubali. Ni mukazana gani atakayemwachia mama mkwe mzee jiko, na majirani wanaona? Angempokonya sufuria, aendelee kukohoa palepale.

"Ile sufuria kubwa siwezi inua," Bi Kudra akasema. "Ya chai, iyo naweza. Lakini nilijua, kama mi sikunywe ile ya bidoni, we hautaamini." Akameza mate kwa shida. "Ulikuwa unalala umekaa, Saliha. Chakula iko mu kinywa."

Mwalimu Massoudi aliinamia kofia yake. Saliha alitafuta wa kumkasirikia, bomba, ofisi, mama mwenyewe, akakosa hata nguvu ya kuchagua. Akaushika mkono wa mama mkwe, mkavu na mwepesi. Aliona aibu, na aliona anapendwa, yote mawili kwa pamoja, na yote yaliuma.

"Lakini," Bi Kudra akauliza, "ulilala muzuri?"

"Nililala, mama," Saliha akasema. Ilikuwa kweli, na ndiyo iliyomliza.