Chumba cha Chini ya Ngazi

Jumamosi, tarehe 14 Juni 2025. Manyunyu yalianza alfajiri, na baridi ya mtaa wa Kware siku hiyo ilikuwa ya kuvaa sweta mbili.

Aluoch, mtunza ploti ya vyumba vya kupangisha ya Mzee Kweyu, alikuwa na desturi yake: hakabidhi ufunguo wa chumba kabla hajakiombea. Aliingia katika chumba kipya chini ya ngazi, akafunga mlango, akapiga magoti. Hakufika kwenye amina. Chumba hakikuwa na dirisha, pampu ya maji ilinguruma ukutani, na pumzi ilimwishia katikati ya Baba Yetu.

Nje alingoja Batulo, mjane aliyekuja kupanga, amebeba mtoto mwenye kikohozi.

"Kinakalika, mama?"

Aluoch akakumbuka darasa la jioni la Kiswahili kule mtaa wa Jericho. Mwalimu Nasima aliwaeleza kwamba neno maskani lina asili ya Kiarabu, na ndani yake mna kutulia. Kukaa tu hakutoshi, alisema; hata mfungwa hukaa.

"Hakikaliki, mwanangu."

Mzee Kweyu alikuwa akishuka ngazi. "Nimekuweka hapa upangishe ama ufukuze watu? Hiki kisipopata mtu leo, chako kitapata!"

Wapangaji waliokuwa wakifua uani wakainua vichwa. Aluoch hakuwa na pengine pa kwenda.

"Sawa, mzee. Tukiombee pamoja, kisha nimpe ufunguo."

Kweyu alikuwa mzee wa kanisa; angekataaje mbele ya wapangaji? Wakaingia, wakafunga mlango. Aluoch akaanza polepole, akaombea msingi, akaombea kuta, akaja kwa watoto wa mzee. Kabla hajafikia wajukuu, Kweyu alisema amina, akausukuma mlango, akatoka akitiririkwa na jasho.

"Amina ya mbio hivyo?" Norah, mmoja wa wapangaji, akamtania kutoka kwenye karai lake la kufulia. "Na Jumapili unatuombea mpaka chai inapoa!"

Uani wakaangua kicheko. Mzee akajipangusa uso. Mtoto akakohoa tena.

"Huyu atalala wapi?" mzee akauliza.

"Kwangu," Aluoch akasema, "kama bado ni kwangu."

"Sema tusikie, mzee," Norah akadakia.

Kweyu akavua kofia. "Mbele za Mungu na mbele yenu nyote: Jumatatu fundi atatoboa dirisha na kuhamisha pampu. Kabla ya hapo halali mtu humu. Na Aluoch hahami."