Leso Juu ya Sanduku la Mtongwe

Sanduku la redio nililolipima mimi likizima, huamka lenyewe. Maneno hayo niliyatoa mbele ya zahanati nzima ya Mtongwe, mkono kiunoni, bisibisi nimeichomeka sikioni kama kalamu ya karani. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne mwaka uliopita, tisini na tatu, na Kiingereza changu kilinyooka kuliko barabara ya Likoni.

Kazi yenyewe ilikuwa ya Fundi Mwidani. Alifunga masanduku ya kupokezana sauti juu ya mapaa, kila moja na betri yake na paneli ya sola. Muuguzi wa Mtongwe akiita, sanduku la juu ya paa lake huidaka sauti, likairushia sanduku la mbele, na la mbele likairusha tena, hadi Likoni linakokaa gari la wagonjwa. Simu ya waya ilikwisha kuibiwa nyaya zake, hakuna aliyeitumaini tena.

"Stambuli," Mwidani aliniambia, "funika paneli mpaka betri iishe, sanduku lizime. Kisha funua, ukae kando. Liache liamshwe na jua. Usiliguse! Masika hakuna atakayepanda huko juu."

"Ami, wewe nenda zako Likoni. Hili nitalibembeleza kama bibi harusi."

Turubai nililisahau gereji. Basi nikatwaa leso kambani kwa Bi Tumu, jirani wa zahanati, mwenyewe hayupo. Nikaikunja, nikaifunika paneli. Kesho yake mchana sanduku likazima. Nikafunua. Taa nyekundu, ile ya umeme, ikawaka. Ya kijani, ile inayosema sanduku linapokea na kurusha, ikagoma. Nikangoja kidogo. Kunguru wawili wakaja wakatua ukingoni mwa paa, wananikodolea macho kama wasimamizi wa mtihani. Nami nilikuwa na mpira jioni ile! Nikaingiza bisibisi penye kitufe cha ndani, nikabonyeza. Kijani. Nikashuka na kuwatangazia watu kwamba limeamka lenyewe.

Masika yalipoingia hayakuwa na mzaha. Mawingu yalishuka hata ukadhani yameegemea minazi, na jua tukawa tunalikumbuka tu. Katika siku hizo ndipo dada yangu Johari, aliyeolewa hapo Mtongwe, aliposhikwa na uchungu.

Nilimkuta zahanati asubuhi. Muuguzi Jerioth alitoka chumbani akifuta mikono.

"Mtoto amelala kimkingamo. Mimi hapa sina la kumfanyia. Anataka kupasuliwa, ng'ambo ya kivuko. Na hii redio tangu jana inakoroma tu!"

Mwidani akatokea, suruali imekunjwa magotini, tope mpaka mapajani. Alikuwa amekuja kwa miguu kutoka Likoni, kwa kuwa Mtongwe ilikuwa imenyamaza.

"Betri imeisha kwa mawingu," alisema. "Msiwe na wasiwasi. Sanduku hili limepimwa. Jua likichomoza kidogo tu, litaamka. Sivyo, Stambuli?"

"Lenyewe, ami. Wallahi."

Na jua likatoka kweli. Nilitamani lisitoke. Tukasimama uani, shingo juu. Taa nyekundu ikawaka. Tukangoja. Kutoka chumbani Johari aliita jina la mama yetu, aliyekwisha kufa. Kunguru mmoja akaja akatua juu ya paneli.

Taa ya kijani haikuja.

Mwidani alikuna kidevu. "Basi si hili. Hili najua ni zima. Lililoharibika ni la mbele. Tafuteni mkokoteni, tumvushe mama huyu topeni."

"Mkokoteni?" Jerioth aliruka. "Atafia njiani!"

"Tufanyeje, binti yangu?"

Watu wakaanza kutawanyika kutafuta mkokoteni.

"Ami," nikasema, "ngoja kwanza nipande. Nikafute vumbi kwenye paneli."

"Vumbi?" Mwidani alinigeukia. "Na mvua yote hii?"

"Vumbi la... la ndani."

Bi Tumu alikuwa amesimama kwenye ukuta wake wa makuti, leso ile ile kichwani. Sikuwa nimemwona.

"Mwache apande, Fundi," alisema polepole. "Tena apande mbio. Akalichokoe na hiyo bisibisi, kama siku ile."

"Siku ipi, Bi Tumu?"

"Siku niliyorudi nikakuta leso yangu haiko kambani. Nikatazama juu, nikaiona iko miguuni pa huyu. Nikasema nisimpigie kelele asije akaanguka, mtoto wa watu. Nikabaki namtazama. Lile sanduku lako halikuamka, Fundi. Liliamshwa."

Mwidani alinitazama sikioni, ilipokuwa bisibisi.

Ndani, Johari alinyamaza.