Bibi Mwanaima Akataa Kitabu

Chama cha fasihi cha shule yetu kilipata ruzuku ndogo ya kufundisha watu wazima kusoma kule kijijini Chinongwe. Baada ya miezi minne, wafadhili walimtuma mama mmoja aje kutukagua. Mimi, mwenyekiti, nilimpa Bibi Mwanaima, mmoja wa wanafunzi wetu, kitabu asome. Akakirudisha.

"Eva, mjukuu wangu, hiki nimeshakikariri. Mgeni atasema tunamdanganya."

Mgeni akatabasamu, akampa barua aliyopewa na wafadhili. Bibi akaifuata kwa kidole, neno baada ya neno.

"Ukague... kama... wanakijiji... wanajua... kusoma." Akainua macho. "Mwanakijiji mwenyewe ndiye mimi?"

"Ndiwe wewe, bibi," mgeni akajibu.

Nikashusha pumzi, nikakaa mkekani.