Kadogo Anabaki Nyumbani

Mwenye nyumba alikuwa amesema wazi: Kadogo, mtoto wa mbwa wa Gasaro, akilia tena mchana kutwa, arudishwe Giheke alikotoka. Basi kila asubuhi, kabla ya kwenda kufundisha, Gasaro alimkumbatia Kadogo, akamfanyia maombi marefu ya kuagana kama walivyozoea kwao, akamweleza na saa ya kurudi. Akifika barabarani tu, kilio kinapanda.

"Unamuaga kama muntu anayehamia Ulaya," alisema jirani yake, Maman Mukarugwiza. "Hata mimi ningelia."

Jumatatu Gasaro alimwachia mfupa, akatoka bila neno, akajibanza nyuma ya ua pamoja na Maman. Nusu saa ikapita kimya.

"Amekubali kubaki," Maman alinong'ona. "Sasa wewe unalia nini?"

Gasaro alijifuta macho. "Hata kuniita hakuniita, Maman. Hata mara moja."